Fundi Wako Akipotea Ng'ambo, Shika Daftari Kwanza

Ofisi yetu ipo Kirumba, Mwanza, karibu na Mwaloni, na kazi yetu ni ubaridi: vyumba vya kuhifadhia samaki, mitambo ya barafu, kompresa. Mimi si fundi. Ninapanga nani aende wapi, alale wapi, alipwe lini. Tulipopata kazi Oman tulipeleka mafundi wanne. Alhamisi moja jioni mmoja wao alitoka kwenda kununua vocha, hakurudi. Tulimpata Jumamosi, yu hai. Haya ni ya mtu yeyote mwenye vijana wake nje ya nchi, wawe wawili au hamsini.

Kabla hujapiga simu ya pili, chukua daftari. Andika tarehe, kisha kila simu iingie humo: nani kasema nini, saa ngapi, kwa namba ipi. Alishike mtu mmoja tu. Usiku ule wa kwanza tulikuwa watu watano tunapiga simu kila mtu kivyake. Hospitali moja ilipigiwa mara tatu na nyingine haikupigiwa kabisa.

Kwenye saa kuwa makini mno. Mwenzake aliniambia alimwona mara ya mwisho saa mbili usiku. Alikuwa ametazama saa yake ya mkononi, ambayo hakuwa ameisogeza tangu atoke Mwanza, na Oman wametutangulia saa moja. Kwa hiyo kule ilikuwa 21:00. Mwenyeji aliyewasaidia kutafsiri alijua Kiswahili kidogo, akasikia "mbili", akawaambia polisi 02:00. Wakaanza kuulizia mambo ya usiku wa manane, wakati kijana wetu alikuwa ameshaanguka saa tano nyuma. Andika saa kwa tarakimu, mpaka 24, na uandike ni saa za wapi.

Usimpigie simu mfululizo, utamaliza chaji ambayo huenda ndiyo pekee aliyobaki nayo. Tuma ujumbe mfupi mmoja wa kawaida, utamsubiri mpaka simu iwake. Angalia WhatsApp alionekana mwisho lini, na upige picha ya skrini. Halafu waulize wenzake wanaolala naye: pasipoti ipo? Dawa zake? Amevaa viatu gani? Pasipoti ya kijana wetu ilikuwa kwenye begi na chaja ilikuwa bado ukutani. Watu walishaanza kuninong'oneza kwamba ametoroka kazi. Anayetoroka habakizi pasipoti na chaja.

Polisi ni usiku uleule. Hayo maneno ya kusubiri saa 24 yaache. Wenzake waende kituo cha karibu na walipofikia. Oman namba ya dharura ni 9999. Waende wawili, na wasitawanyike mitaani kumtafuta, maana utapotelewa na wa pili. Wewe huku nenda na ndugu yake kituoni mkachukue RB, karatasi ya polisi yenye namba ya taarifa yenu. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza yenye uzito utakayokuwa nayo, na popote utakapoingia baadaye hutaonekana mtu wa maneno matupu.

Kisha ubalozi. Tanzania ina ubalozi Muscat. Piga simu, na hapohapo andika barua pepe yenye jina kamili, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, picha, mahali na saa alipoonekana mwisho, na namba ya jalada la polisi wa kule. Kumbuka kwamba Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Sisi tulipotelewa Alhamisi usiku. Tungesema tungoje siku ya kazi, tungefika Jumapili, siku ambayo huku kwetu ndiyo tumefunga. Namba ya kumpata afisa nje ya saa za kazi itafutwe kabla watu hawajapanda ndege.

Waombe ubalozi waulize pia mahabusu. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, kifungu cha 36, unamtaka anayekamata amweleze mgeni haki yake ya kuufahamisha ubalozi wake. Lakini ni yeye anayepaswa kuomba, na kijana mwenye aibu anaweza kunyamaza kwa hofu kwamba mama yake atasikia.

Mama yake yupo Nansio, Ukerewe. Ijumaa asubuhi nilipanda meli. Wenzangu walisema nitapoteza siku nzima majini wakati simu ipo, lakini habari ya namna hii hupeleki kwa simu. Nilianzia kwa baba yake mdogo, tukaenda pamoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uko peke yako?"

Nilimweleza tunachokijua, na tusichokijua nikasema hatukijui. Nikamwahidi kumpigia kila siku saa kumi na mbili jioni, hata kama sina jipya. Ahadi hiyo usiivunje hata kwa dakika kumi. Mwenzio anakuwa ameishika simu tangu saa kumi na moja. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza jina la mwanawe limeandikwa wapi na wapi. Dada yake alipanda MV Bukoba, ile iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote. Nikamfungulia daftari, nikamsomea ukurasa kwa ukurasa.

Ndipo akasema, "Na lile kovu mmeliandika?" Fomu yetu ilisema hana alama yoyote. Mama akanionyesha kwenye mkono wake mwenyewe: kovu la ndoana, chini ya kidole gumba cha kushoto, alilipata utotoni akivua na babu yake. Nikatuma ujumbe Muscat nikiwa bado nimekaa kwenye mkeka wake.

Kovu hilo ndilo lililompata. Aligongwa na gari akivuka barabara, simu ikavunjika, akafikishwa hospitali hana fahamu wala kitambulisho. Alipozinduka kidogo alitaja jina, na jina lake linaanza na Ng', sauti isiyo na herufi yake katika Kiarabu. Lilivyoandikwa, na lilivyorudishwa tena kwa herufi zetu, hata mimi nisingelitambua. Wenzake walishaulizia hospitali ileile kwa simu wakajibiwa hayupo. Jumamosi walikwenda wenyewe, wakauliza: mna mgonjwa wa kiume, miaka kama 30, aliyeletwa Alhamisi usiku, mwenye kovu hapa? Ulizeni hivyo, mkiwa mmesimama pale, na mwulizie pia wasiojulikana majina. Mochwari nayo lazima iulizwe. Kazi hiyo asipewe ndugu.

Mtandaoni usiweke kitu mpaka familia ikubali. Mtu wetu mmoja alirusha picha kwenye kundi la WhatsApp Ijumaa mchana, na kufikia jioni kuna aliyempigia baba mdogo akisema anaye, atumiwe hela ya matibabu. Tulimuuliza mtumbwi wa babu yake uliitwaje. Akakata simu. Kila anayesafiri sasa anaacha swali moja la namna hiyo na jibu lake, kwenye bahasha iliyofungwa.

Pamoja na bahasha kuna karatasi moja: jina kama lilivyo kwenye pasipoti na kama linavyoandikwa kwa maandishi ya nchi anayokwenda, nakala ya viza, kundi la damu, dawa, alama za mwili zilizothibitishwa na mzazi, namba ya IMEI inayoitambulisha simu yake (bonyeza *#06#), ndugu wawili, na idhini yake ya nani aambiwe nini. Nakala moja ofisini, nyingine mfukoni mwake, si kwenye begi.

Siku zikizidi bila dalili, omba polisi wa huku wapitishe jambo hilo Interpol, ambao wana notisi ya manjano kwa ajili ya watu waliopotea. Na mshahara wake usisimame hata mwezi mmoja.

Akipatikana, simu ya kwanza ni ya mama. Maswali ya ofisi yasubiri; sisi tulingoja wiki mbili. Kisha rudi kwenye daftari, uwapigie wote uliowasumbua, mmoja mmoja kwa mpangilio uleule, picha zifutwe kwenye makundi, na nenda kituoni na RB yako uwaambie amepatikana, jalada lifungwe.