Mume katolewa tezi dume: jinsi ya kujipanga nyie wawili, kuanzia mpira wa mkojo mpaka mambo ya chumbani

Naandika kama mke maana wanaume wenyewe hawasemi. Baba Neema alipoambiwa kansa ya tezi dume bado imo ndani ya tezi na itabidi itolewe yote, swali tulilomuuliza daktari lilikuwa moja tu, atapona? Lile lingine kila mtu alibaki nalo moyoni, yeye akiwaza nitamkimbia, mi nikiwaza nikiuliza ntaonekana nina tamaa na mtu anaumwa. Tulikaa hivyo miezi mitano, tunalala tumepeana migongo. Sasa haya ndo mambo ambayo ningependa tungeyajua mapema.

Kwanza jueni ni upasuaji gani. Mtaani watu wanachanganya sana. Kuna kukwanguliwa tezi, hii ni kwa wazee ambao tezi imevimba tu inabana mkojo, inapitishwa njia ya mkojo na wengi wao nguvu zinabaki vilevile. Na kuna kutolewa tezi nzima pamoja na vifuko vya shahawa vilivyo nyuma yake kwa sababu ya kansa. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Shemeji yangu alikuja kumpa moyo mwenzie, "mbona mzee wetu alifanyiwa na baada ya mwezi alikuwa freshi", kumbe mzee wao alikwanguliwa tu, na mume wangu akaanza kuhesabu siku kwa kalenda ya mtu mwingine.

Kabla ya kuingia tieta, nendeni wote wawili mkaulize. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume imepita pembeni ya tezi, kulia na kushoto, myembamba na imegandana nayo. Zamani ilikuwa inakatwa karibu kila mara, mpaka 1982 daktari Patrick Walsh kule Johns Hopkins, Marekani, alipoanza kufanya upasuaji wa kuiacha kwa makusudi. Kwa hiyo ulizeni hivi: mtaiacha pande zote mbili, upande mmoja, au kansa imekaa vibaya hamuwezi? Jibu la hapo ndo linawapa picha ya kweli, pamoja na umri wake, kisukari au presha kama anayo, na hali yake ilikuwaje kabla. Kama bado mnataka mtoto ulizeni kuhifadhi mbegu kabla, maana baada ya hapo shahawa haitoki tena, na hiyo ni ya kudumu.

Wiki za mwanzo hakuna mapenzi, kuna mpira wa mkojo. Unakaa wiki moja mpaka mbili hivi. Mfuko lazima uwe chini kuliko kiuno, sisi tulikuwa tunauweka kwenye kindoo kidogo cha rangi pembeni ya kitanda, na mi nilijifunza kuumwaga bila kukunja uso maana alikuwa ananiangalia uso tu. Mapapai na maji ya kutosha ili asikamue chooni. Asibebe ndoo wala gunia kama wiki sita. Homa, mabonge ya damu, mkojo kugoma kutoka au mguu mmoja kuvimba, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, msisubiri asubuhi.

Mpira ukitoka mkojo utavuja. Akicheka, akikohoa, akinyanyuka kwenye kiti. Nunua pedi za watu wazima mapema usisubiri aaibike kwanza, na umpe suruali za rangi nyeusi. Wengi wanaimarika ndani ya miezi kadhaa hadi mwaka. Kinachosaidia ni mazoezi ya kubana misuli ya chini, na kama haelewi mwambie abane kama mtu aliyebanwa na ushuzi mbele ya wakwe, hapo ataelewa tu. Anabana anahesabu mpaka tano, anaachia, mara kumi, mara tatu kwa siku. Asianze wakati mpira bado umo.

Haya sasa chumbani. Daktari akiruhusu, mara nyingi ni baada ya wiki kama sita, mnaweza kuanza, ila msitegemee uume kusimama kama zamani. Hata mishipa ikiachwa inakuwa imetikisika, inalala, na kuamka kwake kunachukua mwaka mpaka miaka miwili, wengine haiamki vizuri tena. Ila jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni kwamba mishipa ya kuhisi raha ni mingine. Mwanaume anaweza kufika kileleni uume ukiwa umelala, na hakuna kitakachotoka. Mara ya kwanza Baba Neema alishtuka akadhani kimeharibika kitu, mi nikadhani hajafika, yaani vichekesho. Wengine mkojo kidogo unatoka dakika hiyohiyo, kwa hiyo akojoe kwanza na mtandike kanga ya zamani. Uume unaweza pia kupungua urefu kidogo, ni bora ajue kabla asije akadhani anarogwa.

Vya kusaidia vipo. Vidonge kama sildenafil anameza saa moja kabla, siyo baada ya kitimoto na chipsi maana mafuta yanavichelewesha, na bila kushikana shikana havifanyi kitu. Anayetumia dawa za moyo aina ya naitreti, zile za maumivu ya kifua, asiguse kabisa, presha inaweza kushuka akafa. Vikigoma kuna pampu ya kuvuta hewa, ina kelele na inaua stimu ukiwa hujazoea, sisi tuliihamishia kwenye ratiba ya jioni kama mazoezi tu, bila matarajio, na ndo ikaanza kufaa. Kuna sindano ya kwenye uume, dozi ya kwanza inajaribiwa kwa daktari, uume ukisimama zaidi ya masaa manne kimbieni hospitali. Na mwisho kabisa kuna kipandikizi cha kuwekewa ndani ya uume. Vumbi la Kongo na zile chupa za stendi achaneni nazo, hujui kimewekwa nini humo na mtu ametoka kupasuliwa.

Kuongea ndo kazi. Mi nilianza siku moja umeme umekatika, giza linasaidia, nikamwambia Baba Neema mi sijamisi ile kitu peke yake, nimemisi kushikwa kiuno ukipita jikoni. Alikaa kimya nikadhani kalala, halafu akasema "nilikuwa naogopa nikikushika utataka na mi sina". Tukakubaliana kushikana kuwe kushikana tu, anayetaka zaidi aseme kwa mdomo. Tukawa na siku zetu, Jumamosi watoto wakienda kwa bibi.

Ila msipange siku ya kuamkia majibu ya PSA, kile kipimo cha damu cha kuangalia kama kansa imebaki au imerudi. Cha kwanza kinapimwa wiki sita mpaka nane baada ya upasuaji, halafu kila baada ya miezi kadhaa, na kinatakiwa kisome karibu na sifuri. Usiku huo hakuna mwenye akili ya mapenzi. Sisi huwa tunaagiza chipsi mayai, tunaangalia mpira, tunalala.