Namna ya Kuchunguza Historia ya Parokia ya Uingereza au Wales kwa Kuanzia na Jengo la Kanisa

Wengi wanaotaka kuandika historia ya parokia hukimbilia nyaraka kwanza, na kanisa lenyewe hulitembelea mwishoni kwa ajili ya kupiga picha tu. Mimi hushauri kinyume chake. Ukuta hautaji mwaka, lakini huonyesha kipi kilitangulia na kipi kilifuata; nyaraka hutaja miaka, lakini mara nyingi hazisemi ni sehemu gani ya jengo inayohusika. Anayefika kwenye hifadhi ya nyaraka akiwa ameshalikagua jengo huwa na maswali mahususi mkononi.

Hatua ya kwanza: bainisha mipaka. Parokia ya kanisa na parokia ya kiraia, yaani eneo la serikali za mitaa, ambayo ilipewa mabaraza yake kwa sheria ya mwaka 1894, zinaweza kuwa na jina moja huku maeneo yake yakitofautiana. Wales ina tofauti nyingine, kwa kuwa tangu 1974 parokia za kiraia zimechukuliwa na vitengo vinavyoitwa jumuiya. Amua unaandika kuhusu mpaka upi na wa wakati gani, kisha uthibitishe kwa ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la taifa la upimaji ramani, ambazo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka kwenye intaneti bila malipo, zikiwemo za Uingereza na Wales. Msomaji wa Kiswahili asiye na parokia akilini anaweza kuanza na Little Steeping katika kaunti ya Lincolnshire: huko ndiko Edward Steere alikokuwa kasisi kabla ya kwenda Zanzibar, akawa askofu na mtaalamu wa sarufi ya Kiswahili. William Tozer, aliyemtangulia katika uaskofu huo, alitoka Burgh-le-Marsh, parokia isiyo mbali na hapo.

Hatua ya pili ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote: zunguka kanisa kwa nje, polepole, ukichora ramani rahisi ya sakafu yake. Tafuta mistari ya wima ambapo mawe ya upande mmoja hayakuunganishwa na ya upande mwingine, kwa maana hapo ujenzi mmoja uliegemezwa kwenye mwingine uliokuwepo. Tazama mnara kwa upande unaopakana na paa: alama ya mteremko mkali juu ya paa la sasa ni ushahidi kwamba paa la awali lilikuwa limeinuka juu zaidi. Angalia pia mawe yaliyotumika mara ya pili. Kanisa la Escomb katika kaunti ya Durham, lililojengwa karne ya 7, lina mawe yaliyotolewa kwenye ngome ya Warumi ya Binchester.

Umbo la matao na madirisha husaidia kukadiria umri. Tao la nusu duara lenye kuta nene kwa kawaida ni la enzi ya Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, yaani kutoka 1066 hadi kuelekea mwisho wa karne ya 12. Madirisha membamba yenye ncha ni ya karne ya 13. Nakshi za mawe zenye mikunjo ni za takriban 1290 hadi 1350. Na madirisha mapana yenye fito nyingi za mawe zilizosimama wima yalitawala baada ya tauni ya 1348 na 1349 hadi karne ya 16. Usilitegemee umbo peke yake, kwa sababu mafundi wa karne ya 19 waliiga mitindo hiyo yote kwa ustadi mkubwa. Kingo zilizo kali mno, mawe yanayolingana kupita kiasi na alama za patasi zisizochakaa vinapaswa kukutia shaka.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni magofu ya kanisa la Mtakatifu Martin huko Wharram Percy, Yorkshire, kijiji kilichohamwa kufikia takriban mwaka 1500 na kufanyiwa uchimbaji wa kiakiolojia kuanzia 1950 hadi 1990. Kanisa lilianza dogo, likaongezewa mabawa ya pembeni katika karne ya 12 na 13, kisha likapunguzwa kadiri waumini walivyopungua. Matao yaliyokuwa yakifungukia kwenye mabawa hayo yalizibwa kwa mawe na yanaonekana hadi leo, hivyo kukua na kudidimia kwa jamii nzima kumeandikwa kwenye ukuta mmoja.

Hatua ya tatu: ingia ndani ukaangalie birika la ubatizo, ambalo mara nyingi ni la kale kuliko kuta zinazolizunguka, kisha usome makaburi asubuhi au jioni, jua likiwa limeinama. Usisugue jiwe wala kulipaka chaki.

Hatua ya nne: sasa fungua orodha rasmi ya majengo yanayolindwa, inayotunzwa na Historic England kwa Uingereza na Cadw kwa Wales. Linganisha maelezo yao na yako, ukikumbuka kwamba kutotajwa kwa kitu si ushahidi kwamba hakipo.

Hatua ya tano: nenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Daftari za ubatizo, ndoa na mazishi ziliamriwa mwaka 1538, ingawa nyingi za awali zimepotea. Hadi 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, hivyo mazishi ya Februari 1690 ni ya 1691 kwa hesabu yetu. Kwa historia ya jengo, hata hivyo, hesabu za wazee wa kanisa zina thamani kubwa zaidi, kwani ndizo zinazoonyesha malipo ya chokaa, madini ya risasi ya kuezekea paa, kengele na ujira wa mafundi. Ongeza ramani za zaka zilizotokana na sheria ya 1836, zinazotaja wamiliki, watumiaji na mara nyingi majina ya mashamba. Za Wales zinapatikana kupitia Maktaba ya Taifa iliyoko Aberystwyth.

Hatua ya sita: fuatilia ukarabati wa karne ya 19. Chama kilichoanzishwa 1818 kusaidia ujenzi wa makanisa kiliacha michoro mingi, ambayo leo iko Lambeth Palace Library, na vibali vya ukarabati hutafutwa katika nyaraka za dayosisi. Weka mchoro wa kabla ya ukarabati kando ya ule uliouchora mwenyewe, kisha utie alama kila ukuta kulingana na aina ya ushahidi wake: ulioonwa kwa macho, uliotajwa na nyaraka, au uliokadiriwa kwa mtindo. Alama hizo zibaki hata kwenye andiko la mwisho, na nakala yake ikabidhiwe hifadhi ya kaunti pamoja na picha zenye tarehe.