Kabla ya kununua krimu ya kuzuia uzee ukiwa na miaka ishirini na kitu

Msichana wa Dar es Salaam anayeanza kazi hushauriwa kuhusu uso wake hata kabla hajaomba ushauri. Muuza vipodozi wa mtandaoni humwambia kuwa makunyanzi huzuiwa mapema, shangazi kwenye kicheni pati humwuliza mbona uso umechoka, na rafiki aliyeanza kuuza seramu humtumia picha za kabla na baada, huku akimhimiza alipie leo kwa sababu mzigo umebaki kidogo. Mwongozo huu ni wa huyo msichana, na unamtaka aanze na uso wenyewe kabla ya kufika dukani.

Simama karibu na dirisha mchana, bila poda na bila kamera ya simu, kisha andika kile unachokiona. Katika umri huo, wengi wataandika chunusi, madoa meusi yaliyoachwa na chunusi, ngozi yenye mafuta au ukavu unaotokana na kukaa siku nzima kwenye kiyoyozi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni uzee. Mstari unaojitokeza unapocheka na kutoweka unaponyamaza ni kazi ya misuli ya uso, na hata mtoto wa shule anao. Ikiwa karatasi yako haina uzee, basi krimu ya uzee haina cha kutibu, na fedha hiyo ielekezwe kwenye tatizo lililoandikwa.

Kitu kimoja chenye faida ya kweli katika umri huo ni kujikinga na jua, na ajabu ni kwamba wauzaji wengi hukitaja mwisho. Dar es Salaam ipo karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na saa za mchana mionzi ya jua mara nyingi hufika kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiweka katika daraja la juu sana au la kupindukia. Ni kweli kwamba melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, huchelewesha makunyanzi kwa watu weusi, lakini haizuii jua kukoleza madoa. Losheni ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua) huzuia takribani asilimia 97 ya mionzi inayounguza ngozi, na ya SPF 50 takribani asilimia 98, kwa hiyo usikubali kulipa mara mbili kwa ajili ya tofauti hiyo ndogo. Kinachoamua zaidi ni kiasi: mistari miwili iliyojaa ya losheni juu ya vidole viwili, kwa ajili ya uso na shingo, na kurudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Ijaribu dukani kwenye taya, kwa sababu nyingine huacha weupe kama wa unga wa ngano na hutaipaka tena kesho yake. Mwavuli na kofia pia ni vipodozi, ingawa hakuna anayepata kamisheni kwa kuvisifia. (Hapa kwetu, waliojua thamani ya losheni hizi mapema ni ndugu zetu wenye ualbino, ambao hutengenezewa losheni yao Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC.)

Ukisisitiziwa retinoli, kiambato cha jamii ya vitamini A kinachowekwa kwenye krimu za uzee, elewa kwanza ilikotoka. Ni ndugu wa tretinoini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1971 kwa ajili ya chunusi, na sifa yake dhidi ya makunyanzi ilitokana na watu ambao ngozi zao zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na jua. Kwa msichana mwenye chunusi sugu dawa za jamii hiyo zinaweza kufaa, lakini kwa maelekezo ya daktari, na zisitumiwe na mjamzito au anayetarajia kubeba mimba. Muuzaji anayejisifia kuwa retinoli yake ni ya asilimia 1 aulizwe kwa nini Umoja wa Ulaya, katika kanuni ya mwaka 2024, uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa vipodozi vya uso. Ngozi nyeusi ikiwashwa na kuchubuka huacha doa, na doa hilo hukaa miezi. Hivyo mtu hununua krimu ya tatizo asilokuwa nalo na kuondoka na tatizo jipya.

Kolajeni ya kupaka, yaani protini inayoipa ngozi uimara, haihitaji maelezo marefu: molekuli zake ni kubwa mno kupenya ngozi, kwa hiyo unalipia unyevu ambao losheni ya kawaida ingekupa.

Sasa nenda dukani, iwe Kariakoo au kwenye duka la dawa la mtaani kwako, na ugeuze chupa. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi, kwa hiyo kile kilichoandikwa kwa herufi kubwa mbele huenda kipo mkiani kabisa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo na jina la mtengenezaji, na usinunue chupa iliyoanikwa juani kwenye meza ya barabarani, kwani retinoli na vitamini C huharibiwa na mwanga na joto. Zaidi ya yote, kagua isiwe na zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) wala steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi) kama klobetasoli. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na steroidi ni dawa ya kuandikiwa, lakini mkorogo ule ule uliouzwa zamani kwa jina la kung'arisha unaweza kurudi ukiwa na jina la kurudisha ujana. Chombo kisicho na lebo, kilichochanganywa na muuzaji mwenyewe, kiachwe hapo hapo hata kama anakuita mrembo na kukupunguzia bei.

Ukinunua, paka kidogo kwenye mkono upande wa ndani, mahali pale pale kila siku kwa wiki nzima, kabla ya kupaka usoni. Ikiwa tayari unatumia krimu iliyokung'arisha ndani ya siku chache, na sasa uso unawaka, mishipa inaonekana au chunusi hulipuka kila unapoiacha, shuku steroidi na umwone daktari wa ngozi, kwa mfano Muhimbili, ili akuelekeze namna ya kuiacha. Nenda na chupa, boksi lake na risiti, kwani daktari atahitaji kujua ulichopaka, na Shirika la Viwango Tanzania, ambalo ndilo linalosimamia vipodozi tangu mwaka 2019, litahitaji namba ya toleo na jina la duka ili lifuatilie.