Kumchukua mbwa wa kituoni na kumzoesha nyumbani, kwa mkazi wa Mwanza

Kazi yangu ni kuwatafutia makazi mbwa waliotelekezwa, na jambo ninalolirudia kwa kila familia ni hili: wiki za mwanzo usimdai mbwa chochote. Aliyezoea kurushiwa mawe mtaani hawezi kugeuka mlinzi wa geti na rafiki wa watoto siku ya pili.

Hatua ya 1: Kubalianeni nyumbani. Nani atamlisha, nani atabaki naye mkienda kijijini? Kama umepanga, mwenye nyumba aridhie kwanza. Jirani Mwislamu ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi ana haki ya kuambiwa mapema, ili mbwa asifike anapoanika nguo na mikeka.

Hatua ya 2: Muulize anayemtunza kituoni. Anakula nini, anaogopa nini, ana kadi ya chanjo? Kama hujawahi kufuga, chukua mbwa mzima badala ya mtoto, maana tabia yake unaiona tayari.

Hatua ya 3: Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa daktari, mara nyingi kila mwaka. Apewe dawa ya minyoo na ya kupe, na mpange siku ya kumhasi. Muulize pia afisa mifugo wa kata kuhusu kampeni za chanjo. Baadhi hufanyika karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Hatua ya 4: Mpe kona yake. Iwe na kivuli, maji na gunia la kulalia, mbali na njia ya watu. Nyumba nyingi za milimani, kama Igogo na Mabatini, hazina uzio, kwa hiyo akitoka awe kwenye kamba ndefu uliyoishika mwenyewe. Kumfunga mnyororo mchana kutwa kunamfanya mkali.

Usimfuate. Chuchumaa ubavu ubavu, usimkazie macho, weka kipande cha samaki chini, kaa kimya. Akijilamba midomo huku mkia umebana katikati ya miguu, bado ana hofu, sogea nyuma. Akija mwenyewe kukunusa mkono, mkune kifuani. Mkono unaomshukia kichwani humtisha, na hapa ndipo wageni wengi huumwa.

Hatua ya 5: Chakula. Siku za mwanzo mpe alichozoea, kisha badilisha kidogo kidogo. Ugali na dagaa unafaa, ila dagaa walioanikwa chini waoshe mpaka mchanga utoke, na usitie kitunguu wala chumvi. Mapanki ya sangara, yaani mabaki baada ya minofu kutolewa, chemsha, uchambue mifupa yote.

Hatua ya 6: Watoto. Wasimsumbue akila au akilala, na wasiachwe naye peke yao. Akinguruma usimpige: anaonya, na ukimnyamazisha atauma bila kuonya. Akimuuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kadi yake ya chanjo imekamilika. Ibebeni, daktari ataiuliza.