Border Collie na kondoo: mfundishe kulala kabla ya kumfundisha kukimbia

Majuzi nilikuwa Molo, Kenya, kumsaidia mfugaji ambaye Border Collie wake, mbwa wa kuchunga kondoo, alikuwa ameacha kondoo na kuhamia kwa bodaboda. Kila jioni alimrushia mpira ili achoke. Hakuchoka. Mbwa hawa walichaguliwa vizazi na vizazi, mpakani mwa Uskoti na Uingereza, kwa kazi ya kupanda vilima kutwa. Kwa mbio humwezi. Haya ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Ficha mpira

Mpira humfundisha jambo moja tu: kikisogea, kifukuze. Bodaboda nayo husogea. Mfunge karibu nawe ukiwa na shughuli zako, mpe kitu cha kutafuna, usimsemeshe. Asiyejua kutulia uani hatatulia malishoni.

Hatua ya 2: Kuitwa

Hii unaijua: mwite, akija mpe zawadi. Yangu ni omena (dagaa) kavu. Usimwite halafu umchape.

Hatua ya 3: "Lala", bila kondoo

Shusha omena hadi chini, akilala mpe. Tamka neno mara moja, si mara tano. Akishalijua, liunganishe na mlio mmoja mrefu wa filimbi. Mimi ni mtu wa filimbi: inasikika kwenye upepo, na haitoi siri kwamba umekasirika.

Hatua ya 4: "Lala", mbele ya kondoo

Hapa ndipo siku nzima hupotea. Mbwa anayelala vizuri uani anakuwa kiziwi akiona kondoo, na mwenye mbwa anadhani ni ukaidi.

Asili ya Border Collie ni kuzunguka hadi ng'ambo ya kundi, kondoo wawe kati yenu, kisha akuletee. Akifika mkabala nawe hupunguza mwendo mwenyewe, maana kundi limeshikika. Mwanzoni, mlaze hapo tu. Ukimwamuru alale katikati ya mzunguko, kondoo wakiwa wanatorokea zizini, unamtaka aiache kazi ikiharibika. Atakimbia zaidi, nawe utapaza sauti zaidi.

Kwa hiyo rudi nyuma taratibu, kondoo wakufuate. Simama. Mbwa akisita ng'ambo, sema "lala". Akilala, usitoe omena: mruhusu ainuke awaendee kondoo tena. Hiyo ndiyo zawadi yake. Yule mfugaji alikuwa akimlaza, anamfunga kamba, wanarudi nyumbani. Mbwa mwenye akili hahitaji kuonyeshwa hilo mara nyingi ili ajue kwamba kulala ni mwisho wa raha.

Sasa masharti, na ni mengi:

Tumia kondoo watatu hadi watano waliozoea kuchungwa, katika eneo dogo lenye ua. Mmoja peke yake hupata kiwewe na kuruka ua. Jike mwenye mwanakondoo usimguse kabisa. Atampiga mbwa kwa kichwa, na mbwa mchanga akiogopeshwa mapema huenda asitake kondoo tena.

Subiri hadi awe na mbio za kuwapita kondoo. Wengi hufika hapo kati ya miezi 8 na 12, lakini tazama mbwa, si kalenda.

Aburute kamba ya pamba ya mita 10 hivi. Ile inayojikunja ndani ya kishikio cha plastiki mpe adui yako. Ukitaka kumsimamisha, ikanyage, usiizungushe mkononi.

Akiuma kondoo, ingia kati yao umsukume nyuma kwa kumsogelea. Kola ya umeme siikubali: anaweza kuamini maumivu yametoka kwa kondoo.

Halafu kuna mbwa wa tatizo la kinyume, anayeganda akiwakodolea kondoo macho. Huyo usimlaze mara kwa mara. Tembea, kondoo wasogee, naye ainuke.

Hatua ya 5: Pande mbili

Akianza mwenyewe kuzunguka kufuata mwendo wa saa, taja neno la upande huo. Akienda kinyume, taja jingine. Epuka "kulia" na "kushoto", kwa mbali mwanzo wake ni mmoja. Chagua maneno mafupi yasiyofanana hata kidogo.

Hatua ya 6: Dawa

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima. Usimpe maini wala mapafu mabichi ya kondoo, humo hukaa malengelenge ya mnyoo unaozunguka kati ya mbwa na mifugo, na binadamu huambukizwa pia. Ukiwapa kondoo ivermectin, dawa ya minyoo, mbwa awe mbali, asilambe iliyomwagika wala kula kinyesi chao siku zinazofuata. Baadhi ya mbwa wa ukoo wa collie wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia ubongoni. Akianza kuyumba, kudondosha mate au kutetemeka, mkimbize kwa daktari wa mifugo na chupa ya dawa uibebe.