Uko Reading au jirani yake? Hivi ndo unavyojua jimbo lako la ubunge

Watu kibao wa Berkshire, kaunti ya England ulipo mji wa Reading, bado wanataja jimbo la Reading East utadhani lipo, wakati kwenye uchaguzi wa Julai 2024 halikuwepo tena. Kaunti ilikua na majimbo 8, sasa yako 9. Imekuja Reading Central, likazaliwa jimbo jipya kabisa linaitwa Earley and Woodley, na Reading West nayo ikabebeshwa vijiji ikawa Reading West and Mid Berkshire.

Kwa hiyo anza na postikodi yako, sio jina la mji. Ingia tovuti ya Bunge la Uingereza, sehemu ya kutafuta mbunge, andika postikodi, linakuja jina la jimbo na la mbunge. Usiulize jirani, mie niliuliza nikamwandikia mbunge asiye wangu barua ndeefu, nikajibiwa kistaarabu tu kwamba nimepotea njia.

Hapa ndo watu wanapochanganya: kaunsili (serikali ya mtaa) ni kitu kingine na jimbo ni kitu kingine. Chukua mtu wa Whitley, taka zake zinazolewa na kaunsili ya Reading na kodi analipa hukohuko, lakini mbunge wake ni wa Earley and Woodley, ambako sehemu kubwa iko upande wa Wokingham, kaunsili ya jirani. Windsor ndo usiseme, jimbo limevuka mpaka wa kaunti hadi Virginia Water, kaunti ya Surrey. Yote ni hesabu, sheria ilitaka kila jimbo liwe na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062 kwa daftari la Machi 2020, na kwa England kilichosamehewa ni kisiwa cha Isle of Wight peke yake, sasa mkipungua mnachukua kata za jirani, mkizidi mnanyofolewa.

Mipaka kubadilika hakukufuti kwenye daftari, ila ukihama nyumba jiandikishe upya. Na wewe Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda unayeishi huku kihalali, huhitaji pasipoti ya Uingereza kupiga kura, nchi yako iko Jumuiya ya Madola (wenzetu wa Burundi na Kongo hapo wamekosa). Siku yenyewe beba kitambulisho chenye picha, pasipoti yako ya nyumbani inakubalika.

Mipaka hujaipenda? Ripoti ijayo inatakiwa kabla ya Oktoba 2031, na kabla yake tume inayochora mipaka ya England huwa inaita maoni, mara ya mwisho walifanya raundi 3 kati ya 2021 na 2022. Usiwaandikie habari za chama chako, hawaangalii. Waeleze watoto wanasoma wapi, basi linaelekea wapi, soko mnaenda lipi, afu sema kata ipi iende wapi na hesabu zikae sawa kote kuwili, maana ukiwatolea kata moja bila kuwaonyesha ya kuziba pengo wanakuweka pembeni.