Kabla hujahamia Texas kisa "hawakati kodi", piga hesabu hii kwanza

Kila Januari msimu wa kodi ukianza napokea swali lile lile, kaka si bora nihamie Texas au Florida niache kukatwa? Wanaouliza ni manesi, dada zetu wanaohudumia wazee, madereva wa malori, watu wa maghala. Jibu langu huwa ni moja tu, leta makaratasi yako tuhesabu. Zile orodha za "majimbo nafuu" zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zinachukua wastani wa watu wote, wewe mwenye watoto wawili na shifti za usiku humo ndani haupo.

Andaa fomu ya W-2 ya mwaka jana (ile anayokupa mwajiri ikionyesha mshahara na makato ya mwaka mzima), salari slipu ya karibuni, na kalkuleta ya simu. Basi.

Hatua ya 1: Toa kisichohama

Kodi ya serikali kuu pamoja na ile 7.65% ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee) zitakufuata hata uende Alaska, kwa hiyo ziweke pembeni kabisa. Kwenye W-2 angalia kiboksi cha 17 (kodi ya jimbo) na cha 19 (kodi ya mji au kaunti), jumlisha, halafu kama jimbo lilikurudishia rifandi itoe hapo. Kinachobaki ndicho unacholipa kweli kwenye mapato. Watu wengi wakiona hiyo namba wanashangaa ni ndogo kuliko walivyodhani, manake walikuwa wanaangalia makato yote ya salari slipu wakasema ni ya jimbo.

Hatua ya 2: Jimbo unalolitaka linakata mshahara?

Yasiyokata mshahara ni tisa: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Mengine yana kiwango kile kile kwa wote, kama Pennsylvania 3.07%, Illinois 4.95%, Arizona 2.5%. Yaliyobaki yana ngazi, yaani ukipata zaidi asilimia nayo inapanda, na hapa usitishwe na ngazi ya juu. California wanasema 13.3%, sawa, lakini hiyo ni ya mapato yanayopita dola milioni moja, wewe nesi wa Sacramento huko hufiki. Ila Oregon ni habari nyingine, pale 8.75% inakukuta mapema sana hata kwa mshahara wa kawaida.

Hatua ya 3: Uliza mji na kaunti

Hapa ndipo watu wanapigwa, kwa sababu wanauliza jimbo halafu wanaishia hapo. Columbus, Ohio mji wenyewe unakata 2.5% ya mshahara, na ndugu zetu pale wamejaa. Philadelphia ni karibu 3.75%. Maryland kila kaunti ina yake juu ya ile ya jimbo, kuanzia 2.25% hadi zaidi ya 3%. Indianapolis, yaani kaunti ya Marion, ni 2.02%.

Na angalia unalala wapi na unafanya kazi wapi. Kuna wajanja wanapanga Vancouver, Washington wakidhani wamekwepa, asubuhi wanavuka daraja kwenda kazini Portland, na Oregon inawakata kama kawaida kwa sababu kazi iko kwake. Kinyume chake New Jersey na Pennsylvania wana makubaliano, mshahara unalipiwa kodi ya jimbo unapoishi (ile ya mji wa Philadelphia haimo kwenye hayo makubaliano, usijidanganye). Madereva wa malori mnaovuka majimbo nyie mna raha yenu, sheria ya nchi inasema mshahara wenu unakatwa na jimbo mnaloishi tu, hata mkipita majimbo ishirini kwa wiki.

Hatua ya 4: Kodi ya majengo, hapa tulia

Jimbo lisilokata mshahara linatoa hela wapi za shule na barabara? Texas inatoa kwenye nyumba yako. Kule jimbo lenyewe halitozi kodi ya majengo, wanaotoza ni kaunti, mji, wilaya ya shule, hospitali ya kaunti, chuo cha jamii, kila mmoja na asilimia yake na zote zinaingia kwenye bili. Halafu kwenye mitaa mipya, zile nyumba nzuri za nje ya Houston na Dallas ambazo dalali anakuonyesha kwa bei ya kuvutia, mara nyingi kuna kitu kinaitwa MUD, ni mamlaka ndogo iliyokopa pesa kuweka maji na mifereji ya mtaa na wenye nyumba ndio mnalipa huo mkopo. Inaweza kuongeza senti 80 kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba, yaani 0.8%. Muulize dalali swali hili kwa maandishi: asilimia zote za nyumba hii jumla ni ngapi, na kuna MUD? Akizungukazunguka, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya ofisi ya tathmini ya kaunti, andika anwani, utaona kila kitu.

Kingine kuhusu nyumba mpya, bili ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya kiwanja kitupu kwa sababu Januari mosi nyumba haikuwepo. Mwaka wa pili ndio unakuja moto, malipo ya mkopo yanapanda mamia ya dola kwa mwezi na watu wanadhani benki inawaibia.

Nafuu ipo. Ukiishi mwenyewe kwenye hiyo nyumba omba homstedi (punguzo la kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe), ni bure, na sasa dola 140,000 za thamani hazihesabiwi kwenye kodi ya shule. Haijileti yenyewe, lazima ujaze fomu. Indiana kwa upande wake nyumba unayoishi haivuki 1% ya thamani, labda mtaa uwe umepiga kura kuongeza kwa ajili ya shule.

Mpangaji pia usijione uko salama, mwenye nyumba anaiweka humo humo kwenye pango.

Hatua ya 5: Dukani na gari

Nashville, Tennessee ukinunua kitu kodi ya mauzo ni 9.75%, na jimbo hilo hata chakula cha kupika nyumbani kinatozwa, japo kwa kiwango cha chini. Texas mijini ni 8.25% lakini unga na mchele havimo. Minnesota haitozi nguo wala chakula cha nyumbani. Chukua statimenti ya kadi ya miezi mitatu, kadiria vitu vinavyotozwa, zidisha kwa 4 upate ya mwaka, halafu zidisha kwa asilimia ya kule unakotaka.

Gari: Virginia unalipia kodi kila mwaka kutokana na thamani yake. Georgia ni mara moja, 7% ukinunua, ila ukihamia na gari lako ni 3%.

Na kabla hujajumlisha, angalia unachoacha. Minnesota wanatoa hadi dola 1,750 kwa kila mtoto kwa familia za kipato cha chini, na hata kama hudaiwi kodi unapewa taslimu. Texas hakuna kitu kama hicho.

Hatua ya 6: Jumlisha

Tuchukue mke na mume, watoto wawili, mapato dola 90,000, nyumba ya 300,000, manunuzi yanayotozwa 20,000, viwango vya 2025.

Indianapolis: jimbo 3% na kaunti 2.02%, baada ya kutoa punguzo la familia dola 7,000, inakuja kama 4,167. Nyumba kwa ile 1% ni 3,000. Dukani kwa 7% ni 1,400. Jumla 8,567.

Fort Worth, Texas: kodi ya mshahara sifuri. Nyumba, tuseme shule 1.05% ya 160,000 (300,000 ukitoa zile 140,000 za homstedi) na wengine wote 1.15% ya 300,000, ni 5,130. Dukani 1,650. Jumla 6,780.

Texas imeshinda kwa karibu 1,800. Sasa ipeleke familia hiyo hiyo mtaa wenye MUD ya 0.8%, ongeza 2,400, inakuwa 9,180 na Indiana ndio nafuu. Jimbo moja, mishahara ile ile, kilichobadilika ni mtaa tu. Na hapo nimekadiria nyumba bei sawa, ambayo kiukweli si rahisi kuipata, na bima ya nyumba Texas sijaigusa, ulizia mapema.

Hatua ya 7: Ukiamua kuhama

Waambie HR siku unayohama wabadilishe jimbo, la sivyo la zamani litaendelea kukukata na itabidi uifuatilie kwa ritani (fomu ya kodi ya mwaka). Badilisha leseni, kura, namba ya gari, tunza mkataba wa pango. Jimbo lenye kodi ya mapato ulilolitoka utalijazia ritani ya sehemu ya mwaka, na kama umeacha nyumba kule umepangisha, ile hela ya pango wataendelea kuitoza kila mwaka hata kama wewe uko Texas.